Kijazo kinachotoa floraidi katika kinywa cha mtoto wa Njoro

Swali: Daktari, salamu kutoka Njoro. Kijana wangu wa miaka saba alitoboka gego la nyuma, lile la kudumu lililoota mwaka jana, tukampeleka Nakuru mjini akazibwa kwa dawa nyeupe. Tulipokuwa tunatoka, aliyemtibu akatuambia dawa hiyo ni nzuri kwa sababu inatoa floraidi. Nilirudi nyumbani bila raha. Sisi huku ni hiyohiyo floraidi ya maji ya kisima iliyotuharibu meno. Yangu ni ya kahawia tangu utotoni, na ya mbele ya kijana yameota na mabaka. Je, si nimemwongezea? Inatoa kiasi gani, na kwa muda gani? Anapenda soda na maembe mabichi yenye ndimu na chumvi. Hayo yanabadilisha chochote? Tena mama mkwe wangu yuko Kisumu, ana kisukari, alizibwa kwa dawa ya aina hiyohiyo na haikumaliza miaka miwili kabla ya kulika pembeni. Nirudi nikaombe ya mtoto itolewe? Nina mwingine wa mwaka mmoja na nusu, sitaki naye apitie haya.

Jibu: Mama, kijazo hicho kiache mahali kilipo. Swali lako lina msingi, na aliyekulia kwenye maji ya Njoro ana kila sababu ya kuliuliza. Lakini floraidi iliyoyatia meno yako rangi na hiyo inayotoka kwenye gego la mwanao hazipiti njia moja, na viwango vyake havikaribiani hata kidogo.

Meno huharibiwa na floraidi yakiwa bado ndani ya taya. Mtoto anakunywa maji, floraidi inaingia tumboni, inapita kwenye damu hadi kwenye chembechembe zinazotengeneza enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, na kuzivuruga kazi yake. Jino linaota likiwa na enameli yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, nyeupe isiyong'aa. Rangi ya kahawia huja baadaye, vitundu hivyo vinapofyonza rangi za chai na vyakula. Jino likishaota, enameli yake imekwisha kuumbwa. Hakuna floraidi, iwe ya maji au ya kijazo, inayoweza kulitia mabaka ya namna hiyo tena.

Sasa tuangalie kiasi. Tuchukulie kisima chenu kina miligramu 5 za floraidi kwa lita, kiwango ambacho si kigeni upande wenu. Mtoto akitumia lita moja kwa siku, ukijumlisha maji, uji na chai, amemeza miligramu 5, yaani mikrogramu 5,000, na kesho yake hivyo hivyo. Kijazo kidogo cha gego, siku ya kwanza ambayo ndiyo ya kilele, hutoa mikrogramu ambazo kwa kawaida ni makumi tu. Baada ya wiki chache kinatoa mikrogramu chache kwa siku. Hata dawa ya meno ya kawaida yenye floraidi sehemu 1,000 kwa milioni, ukiminya kiasi cha punje ya minji, ina mikrogramu 250 hivi. Ukilinganisha na maji yenu, kijazo hakihesabiki.

Kwa maelezo yako, dawa yenyewe karibu hakika ni glasi ayonoma. Ilibuniwa London na wanakemia wawili, Alan Wilson na Brian Kent, na ikaanza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa kioo kilichosagwa, chenye alumini, silika, kalsiamu na floraidi, unaochanganywa na majimaji ya asidi. Floraidi haikutiwa kwenye kioo kwa ajili ya meno. Ilitiwa ili kioo kiyeyuke kwa moto mdogo zaidi kiwandani. Faida yake kinywani ilikwisha kuonekana kwenye dawa za zamani za silika, ambapo madaktari waligundua kwamba meno yaliyozibwa nazo hayakuoza sana kando ya kijazo.

Inapochanganywa, asidi inashambulia uso wa kila punje ya kioo na kutoa kalsiamu na alumini. Hizo mbili ndizo zinazofunga minyororo ya asidi ikakaza na kuwa ngumu, na ndizo zinazobeba nguvu ya kijazo. Floraidi nayo inatoka kwenye kioo na kubaki katikati ya mfumo huo, lakini haishikilii chochote. Inaweza kuondoka kijazo kikabaki na nguvu zake zote. Kwa hiyo, katika kinywa kilichotulia, kisicho na asidi nyingi, kutoa floraidi hakumaanishi kwamba kijazo kinayeyuka.

Kasi ya kutoka inafanana na majani ya chai yanayochemshwa tena na tena: mara ya kwanza rangi ni nzito, mara ya pili imefifia, halafu inabaki kidogo kwa muda mrefu. Saa 24 za kwanza ndizo kubwa kuliko zote, kwa sababu floraidi iliyo karibu na uso inaoshwa kwa haraka. Ndani ya siku kadhaa inashuka sana. Baada ya hapo iliyo ndani husafiri polepole kuja juu, na vijazo vya aina hii vimepimwa vikiwa bado vinatoa floraidi kidogo baada ya miaka.

Hiyo ni katika kinywa kilichotulia. Sasa njoo kwenye soda na maembe, maana hapa ndipo penye kiini cha swali lako.

Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH. Maji matupu ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Mate ya mtu mwenye afya hukaa karibu na 7. Soda ya kola iko karibu na 2.5, na ndimu hata chini ya hapo kidogo. Enameli ya kawaida huanza kupoteza madini pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Glasi ayonoma ikiwa ndani ya asidi hutoa floraidi nyingi zaidi kuliko ikiwa kwenye mate ya kawaida, mara nyingine kwa tofauti kubwa sana.

Watu wengi wakisikia hivyo hufurahi, na matangazo ya watengenezaji huliweka mbele: kijazo kinachotoa floraidi zaidi wakati jino linaposhambuliwa! Kuna ukweli ndani yake. Mtoto akila kitu chenye sukari, bakteria kwenye utando unaoshika jino hutengeneza asidi, na ndani ya dakika chache pH kando ya kijazo inashuka, kisha inachukua nusu saa hadi saa nzima kurudi. Katika kipindi hicho kijazo hutoa floraidi zaidi na kupunguza makali ya asidi iliyo jirani. Floraidi inaingia kwenye madini ya jino na kuyafanya magumu zaidi kuyeyuka. Madini yaliyoshika floraidi kikamilifu hustahimili hadi pH ya 4.5 hivi.

Lakini nataka uelewe inakotoka floraidi ile ya ziada. Kwenye mate ya kawaida inaondoka ile isiyoshikilia kitu. Kwenye asidi kali, minyororo yenyewe inafunguka, kalsiamu na alumini zinaondoka, na floraidi inatoka pamoja nazo. Uso wa kijazo unakuwa na mikwaruzo, kisha unapungua. Kwa hiyo floraidi nyingi inayotoka si sifa ya kijazo kizuri. Mara nyingi inatuambia tu kwamba kinywa kina asidi nyingi na kijazo kinalika. Hata uchanganyaji una jambo lake: unga ukiwa haba na majimaji mengi, kijazo hutoa floraidi zaidi lakini kinakuwa dhaifu. Kati ya kijazo kinachotoa nyingi na kinachodumu miaka, mimi nachagua kinachodumu.

Kwa hiyo kuhusu kijana, hatari ya soda na embe la ndimu si floraidi atakayomeza. Ni uso wa kijazo, na meno yenyewe. Zingatia zaidi ni mara ngapi kuliko ni kiasi gani. Soda moja akainywa na chakula ikaisha, mate yatalirekebisha. Chupa hiyohiyo akiinywa kidogo kidogo tangu saa nane hadi jioni, kinywa hakipati nafasi ya kupumua. Embe bichi ale, lakini si kila akirudi kutoka shule, na baada yake asukutue kwa maji, asikimbilie mswaki papo hapo uso wa jino ukiwa umelainika. Angoje kama nusu saa.

Na ukikuta tarakimu kubwa za floraidi kwenye karatasi za mauzo ya dawa hizi, kumbuka kwamba nyingi zilipimwa kwa kuloweka vipande kwenye maji yaliyosafishwa madini yote. Ndani ya mate kiasi hupungua, kwa sababu mate tayari yana madini yake na huweka utando juu ya kijazo. Kinywa cha mtu si chupa ya maabara. Kwa sababu hiyohiyo, ushahidi wa maabara kwamba floraidi hii inalinda jino ni mzuri, lakini tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa zimetoa majibu yanayotofautiana. Anayekuahidi kwamba jino halitaoza tena kwa kuwa kijazo kinatoa floraidi anaahidi asichoweza kutimiza.

Utaniuliza basi kwa nini aliyemtibu aliichagua. Alifanya vizuri. Glasi ayonoma inashika jino kwa kufungamana na kalsiamu yake, haihitaji jino kukaushwa kabisa kama resini, dawa nyingine nyeupe ya jamii ya plastiki, inavyotaka, na mtoto wa miaka saba hawezi kukaa kinywa kikavu muda mrefu. Tena enameli iliyoathiriwa na maji yetu huwa na tabia ngumu mbele ya dawa za resini. Asidi ya kuiandaa haiichimbi vizuri. Dawa hii pia ndiyo iliyowezesha njia ya kutibu meno bila mashine, kwa vifaa vya mkono tu, iliyoanzia hapa jirani Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikaungwa mkono na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Mwaka 2021 shirika hilo liliiweka glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Nyingine zinazotumika kwetu nazitaja kwa ufupi: glasi ayonoma iliyotiwa resini hutoa floraidi karibu sawa na ya kawaida na inastahimili asidi vizuri zaidi, resini tupu hutoa kidogo sana au haitoi, ile ya rangi ya fedha yenye zebaki haitoi kabisa, na kwa watoto tunaiepuka.

Kuna jambo moja kuhusu mswaki ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Kijazo hiki hupokea floraidi pia. Mtoto akipiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, uso wa kijazo unafyonza kiasi, kisha unakirudisha polepole kwa saa na siku zinazofuata. Akiacha mswaki wiki mbili, kijazo kinabaki na kile kidogo cha ndani tu. Kwa hiyo usimnunulie dawa isiyo na floraidi kwa sababu ya hofu ya kisima. Mpe yenye floraidi, kiasi cha punje ya minji, mara mbili kwa siku, wewe ukiwa umesimama hapo. Atemee kwenye beseni, asimeze, na asisukutue kwa maji mengi baadaye. Kutomeza kuna umuhimu kwake, kwa sababu baadhi ya meno yake ya nyuma ambayo hayajaota bado yanamalizia kuumbwa.

Sasa mama mkwe. Kisumu mjini sehemu kubwa wanatumia maji ya Ziwa Victoria, ambayo hayana floraidi ya kutisha, kwa hiyo maji si mshukiwa. Mshukiwa wangu ni ukavu wa kinywa. Kisukari kisipodhibitiwa hupunguza mate, na dawa nyingi wanazopewa wazee, zikiwemo baadhi za presha, hupunguza zaidi. Mate ndiyo yanayoosha asidi, kuipooza na kurudisha madini. Yakipungua, kikombe cha chai yenye sukari kinachomalizwa na mtu mwenye mate kwa dakika arobaini kwake kinaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Katika kinywa kama hicho glasi ayonoma hutoa floraidi nyingi, na kulika pembeni ni sehemu ya malipo yake. Nisingesema imeshindwa moja kwa moja: kwenye vinywa vikavu mara nyingi kijazo hulika huku jino lililo kando likibaki zima, ambapo kwa resini kijazo kinabaki kikiwa kizuri na jino linaoza pembeni yake. Lakini kikishapungua, chakula kitakaa.

Arudi akaangaliwe, na amwambie daktari mambo matatu: ana kisukari, kinywa kinakauka, na dawa anazokunywa ni zipi. Asiache dawa yoyote ya presha au sukari kwa uamuzi wake. Daktari anaweza kurudishia kwa ile iliyotiwa resini, na akamwandikia dawa ya meno yenye floraidi nyingi zaidi, maana kwake kuna upungufu wa kinga na meno yake yalishaumbwa zamani. Ufizi ukiwa umeshuka na mizizi kuonekana, jambo ni la haraka, kwa sababu mzizi huanza kuyeyuka pH ikiwa bado juu ya 6, kabla enameli haijaguswa. Anywe maji mara kwa mara, na chai apunguze sukari au aiondoe. Pia, akipakwa floraidi kliniki, isiwe ile jeli yenye asidi. Jeli hiyo inachubua glasi ayonoma. Ziko zisizo na asidi, na onyo hilo linamhusu kijana wako pia.

Nimemweka mwisho mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ingawa yeye ndiye ninayemwazia zaidi ninapoandika haya. Meno yake ya mbele ya kudumu, yale ambayo watu watayaona akicheka akiwa darasa la pili, yanaumbwa sasa hivi. Kipindi cha kuanzia mwaka mmoja na kidogo hadi miaka miwili na nusu ndicho nyeti zaidi kwa meno hayo. Wasiwasi ulioupeleka kwenye gego la kaka yake, ulete huku.

Maji ya Bonde la Ufa yana floraidi kwa sababu ya miamba ya volkano. Yanapokaa chini muda mrefu hujaa sodiamu na kupungukiwa na kalsiamu, na pasipo kalsiamu ya kuishika, floraidi hubaki majini. Ziwa Nakuru lenyewe limewahi kupimwa likiwa na miligramu 2,800 kwa lita. Visima vya Njoro, Bahati, Gilgil na Naivasha havifiki huko, lakini vingi vinavuka miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo mwisho unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Visima viwili vya majirani vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo usitegemee majibu ya jirani.

Kuchemsha hakusaidii. Floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki na kukolea. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Maharagwe au githeri iliyochemka mchana kutwa huku ikiongezwa maji ya kisima inakusanya floraidi, na magadi ya kulainishia yanaweza kuongeza nyingine. Majani ya chai pia yana floraidi ya kwao, kwa hiyo mtoto huyo asipewe chai kabisa.

Maji ya mvua ndiyo ya kwanza kuyafikiria. Ukiwa na mabati safi na tangi, hata dogo, yatenge kwa ajili ya uji wake, maji yake ya kunywa na chakula chake peke yake. Kuoga na kufulia tumieni kisima bila hofu. Mvua ikikatika, tafuteni maji yaliyochujwa. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kazi ya vichujio vya mkaa wa mifupa mwaka 1998. Mifupa ya ng'ombe huchomwa, kusagwa na kuwekwa kwenye ndoo au tangi, na madini yake, ambayo ni ya jamii moja na ya meno yetu, hunasa floraidi. Kichujio hicho hujaa baada ya muda, na kikijaa maji hupita na floraidi yake bila kubadilika rangi wala ladha. Uliza tangu siku ya kwanza kinabadilishwa lini na nani atakupimia. Baadhi ya maduka ya kuuza maji hutumia mashine zinazosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba wa kuchuja, ambazo pia huondoa floraidi. Omba kuona karatasi ya vipimo kabla ya kujaza jerikani.

Meno yake ya utoto yasuguliwe kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Kwa kijana, omba magego yake mengine matatu ya kudumu yaangaliwe na mifereji yake izibwe kabla hayajatoboka. Mabaka ya mbele yanaweza kupunguzwa atakapokuwa mkubwa. Usikubali mtu ayakwangue sasa.

Wiki hii pimisha kisima. Tumia chupa ya plastiki iliyo safi, isiwe ya kioo, kwa kuwa kioo kinaweza kuvuruga kipimo. Fungua maji yamwagike kwanza, suuza chupa kwa maji hayohayo, ijaze, andika tarehe na mahali, kisha ipeleke maabara ya maji mjini na useme wazi kwamba unataka kipimo cha floraidi, maana vipimo vya kawaida vya vijidudu haviionyeshi. Ukipata jibu niandikie, unitajie na kina cha kisima kama unakijua, nikuambie kichujio cha ukubwa gani kitawatosha.